Ziwa Letu, Madai Yao

Kwenye magazeti ya Kiswahili ya Agosti 2012, Tanzania husema na Malawi hudai.

Niliyasoma kwa wiki sita, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, katika chumba cha maktaba ambacho feni inayofanya kazi ni moja na magazeti yamefungwa kwa kamba za katani, mwezi kwa mwezi. Nilikwenda kuangalia habari za mgogoro wa Ziwa Nyasa zilivyopangwa ukurasa kwa ukurasa. Baada ya siku chache niliacha kunakili habari zenyewe, nikaanza kunakili vitenzi. Serikali yetu ilisema, ilifafanua, ilisisitiza, ilikumbusha, ilionya. Serikali ya Lilongwe ilidai. Kesho yake ilidai tena. Wiki iliyofuata ilikuwa imeendelea kudai.

Mtaani neno hili lina heshima yake. Mama wa genge akikwambia "nakudai", hakuna mjadala: nyanya ulichukua, hela hujatoa. Anayedai ana haki, na anayedaiwa ndiye anayepita njia ya nyuma. Neno hilohilo likiingia chumba cha habari linageuka. "Anadai" ya gazetini ina maana kwamba hatumwamini sana ila hatutaki kesi. Ni neno la tahadhari, linalofaa kabisa kwa mtuhumiwa na kwa anayemtuhumu. Lakini likipewa upande mmoja tu wa mgogoro wa mpaka, na upande wa pili ukapewa "ilisema", msomaji anakuwa ameshaonyeshwa nani yuko kizimbani kabla hajafika aya ya pili.

Nilitunga sentensi mbili kujaribu jambo hili. Ya kwanza: Tanzania ilisema mpaka unapita katikati ya ziwa, huku Malawi ikidai kuwa maji yote ni yake. Ya pili: Malawi ilisema mpaka unafuata ufukwe, huku Tanzania ikidai nusu ya ziwa. Taarifa iliyomo ni ileile. Niliwasomea wenzangu watatu wa darasani bila kuwaeleza ninachotafuta. Ya kwanza hawakuiona kuwa na shida yoyote. Ya pili, mmoja akaniuliza nimeitoa gazeti gani la Malawi.

Kwa waliokuwa wadogo mwaka ule (mimi nilikuwa darasa la sita), kisa kwa ufupi ni hiki. Mwaka 2011 Malawi iliipa kampuni ya Surestream ya Uingereza leseni ya kutafuta mafuta na gesi ziwani. Mwaka uliofuata, chini ya Rais Joyce Banda, jambo likawaka. Mwanzoni mwa Agosti, hayati Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama bungeni Dodoma akataka utafutaji usimame mpaka suala la mpaka limalizike. Siku chache baadaye hayati Edward Lowassa, aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, akazungumzia utayari wa nchi kuingia vitani ikibidi. Rais Kikwete akasema Tanzania haina mpango wa vita. Maofisa wa pande mbili wakakutana Malawi mwishoni mwa mwezi, Oktoba Malawi ikasitisha mazungumzo, na hatimaye suala likafikishwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Halijaisha hadi leo.

Wala halikuanza siku ile. Januari 1967 Tanzania iliiandikia Malawi rasmi kwamba mpaka uko katikati ya maji. Kamuzu Banda alikataa, na mwaka 1968 akaongeza chumvi kwa kusema maeneo makubwa ya Tanzania, Zambia na Msumbiji yalikuwa ya Malawi tangu zamani.

Sasa mkataba wenyewe. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani waligawana sehemu hii ya Afrika kwa karatasi inayojulikana kama Mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Kifungu cha kwanza kinaeleza mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani. Unafuata Mto Ruvuma, unakata kuelekea magharibi hadi ziwani, kisha unapanda kwa kufuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Ufukwe. Kwa herufi zilivyoandikwa, maji yote yalibaki kwa Waingereza, na mvuvi wa Manda aliyeingiza miguu ziwani alikuwa ameshatoka kwa Mjerumani.

Ila mkataba una vifungu vingine. Cha sita kinaruhusu mistari iliyochorwa irekebishwe kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali. Zaidi ya hapo, baadhi ya ramani za Tanganyika zilizochorwa enzi ya Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zilipitisha mstari katikati ya ziwa. Na mwaka 1954 Uingereza na Ureno walikubaliana kugawa maji kati ya Nyasaland na Msumbiji kwa mstari wa katikati, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland. Kwa hiyo hoja kwamba ziwa hili haligawanyiki ilishavunjwa zamani, na waliolivunja walikuwa wakoloni wawili mezani. Malawi nayo ina jibu zito: azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe. Na ina karata nyingine tusiyopenda kuiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viongozi wa Tanganyika, Nyerere akiwamo, walikubali hadharani kwamba kwa mkataba ule ziwa halikuwa letu.

Ni kesi ngumu. Wanasheria waliobobea wanabishana juu yake bila kutukanana. Msomaji wa gazeti angeweza kabisa kupewa ugumu huo. Kipande cha kifungu cha kwanza kinachohusu mpaka wa kusini ni kirefu kidogo na kifungu cha sita ni kifupi. Vyote viwili vingeingia kwenye kisanduku kidogo pembeni mwa tangazo la mnada wa nyumba. Katika magazeti niliyoyapitia, mkataba unatajwa mara nyingi na kusomwa mara chache. Kinachotosha ni kivumishi: mkataba "wa kikoloni". Ukishasema hivyo, hakuna haja ya kusema umeandikwa nini. Lakini mpaka wetu wa Namanga umetoka mezani kwa wakoloni haohao, na Ruvuma tunaoulinda umetajwa katika kifungu kilekile, na sijaona tahariri inayotaka tuukatae kwa sababu hiyo.

Magazeti ya Malawi niliyoyasoma mtandaoni yanafanya mchezo huohuo kwa mkono wa kushoto. Huko kifungu cha kwanza kinajulikana kama sala, na cha sita kama hakipo. Kila upande umepewa nusu ya karatasi na kuambiwa ndiyo yote. Wananchi wa nchi mbili wakikutana kubishana, kila mmoja anaona kwa dhati kabisa kwamba mwenzake ama ni mwongo ama hajasoma.

Michael Billig, mwanasaikolojia wa jamii wa Uingereza, aliandika mwaka 1995 kitabu kiitwacho Banal Nationalism. Hoja yake ni kwamba tumezoea kuutafuta utaifa kwenye bendera inayopeperushwa kwa nguvu, wakati unakaa zaidi kwenye bendera inayoning'inia bila mtu kuiangalia. Alichukua magazeti ya Uingereza ya siku moja akayasoma kwa maneno madogo, "sisi", "hapa", hata namna hali ya hewa inavyotajwa kana kwamba dunia nzima ni Uingereza. Nilipomsoma nilijiuliza Kiswahili kinafanyaje kazi hiyo. "Hapa nchini" ilikuja mara moja. "Wananchi" nayo. Lakini lililonichukua muda mrefu ni "-etu".

Sisi hutumia "-etu" kwa ukarimu ambao lugha nyingine hazina. Mtu anayeishi peke yake chumba kimoja Manzese husema "karibu kwetu". Mtoto wa pekee husema "mama yetu". "Letu" si lazima imaanishe kwamba si lenu; mara nyingi ni mlango uliowekwa wazi. Ndugu zangu wa upande wa mama wako Mbamba Bay, na wao husema "ziwa letu" kila siku. Wanamaanisha maji wanayochota, wanayoogelea, wanayovua usipa. Ukiwauliza kama watu wa Likoma wamo ndani ya hiyo "letu", swali lenyewe linawachekesha, kwa sababu kuna bibi alizaliwa huko na kuna shemeji yuko huko sasa hivi. Kinyanja kinasemwa pande zote. Usipa unaitwa usipa Mbamba Bay na unaitwa usipa Nkhata Bay.

"Ziwa letu" hiyohiyo ikipanda ukurasa wa kwanza Dar es Salaam inapoteza mlango. Inakuwa hatimiliki. Haijabadilika herufi hata moja, ndiyo maana ni vigumu kumkamata mwandishi. Hajasema uongo. Ameazima neno la watu wa ufukweni, lenye jasho na harufu ya samaki wakavu, akalitumia kufanya kazi ambayo wao hawajawahi kulifanyisha.

Hapo lazima niseme kuhusu vichwa vya habari, maana mtu akisema "magazeti yanajenga mitazamo" anaweza kudhani tunazungumzia watu wanaonunua magazeti. Wanaonunua ni wachache. Kuna wanaosimama mbele ya meza ya muuza magazeti mikono nyuma, wanasoma kurasa za kwanza zote, wanatikisa kichwa, wanaondoka bila kutoa shilingi. Na kuna wengi zaidi wanaosikiliza redio asubuhi mtangazaji akisoma vichwa vya habari vya magazeti ya siku hiyo. Kwa kundi hili kubwa gazeti ni sentensi moja yenye maneno sita au saba. Ufafanuzi uko aya ya kumi na mbili, ukurasa wa nne. Kauli ya Rais kwamba hakuna vita iliandikwa, na ilipewa nafasi nzuri, sitaki kuwaonea. Lakini "vita" ni neno linalosafiri vizuri redioni, hata likitanguliwa na "hakuna".

Baadaye katika utafiti wangu nilimtembelea mhariri mmoja mstaafu aliyekuwa kwenye meza ya usiku mwaka ule. Nilikuwa na swali moja hasa. Kwa nini ramani zilizochapishwa zilionyesha mstari mnene, usiokatika, katikati ya ziwa, wakati suala lenyewe ndilo lilikuwa likibishaniwa?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa. Umekuja na ramani zako?"

Alizitazama moja moja, akacheka. Akaniambia hakukuwa na kikao chochote. Saa tatu usiku msanifu wa kurasa alihitaji picha ya kujaza nafasi, akaichukua ramani kutoka atlasi ya shule ya mtoto wake, akaichora upya kwenye kompyuta. Mstari ulikuwa katikati kwa sababu atlasi ya shule iliuweka katikati. Nikamuuliza kama kuna aliyefikiria mstari wa vidoti, ule unaotumika kwa mipaka yenye utata. Akanitazama kama mtu anayemwangalia mjukuu. Mstari mnene, alisema, hakuna atakayeuuliza. Mstari wa vidoti, asubuhi simu italia, na swali litakuwa nani ametoa ruhusa.

Benedict Anderson, ambaye kila mwanafunzi wa fani yangu hulazimika kumnukuu hata asipotaka, aliongeza mwaka 1991 sura mpya kwenye kitabu chake Imagined Communities. Humo anaeleza jinsi ramani inavyogeuka nembo: majirani wanaondolewa, mito inaondolewa, linabaki umbo tupu linaloweza kuchapwa popote na kila mtu akalitambua. Umbo la Tanzania tunalo fulanani, kwenye mabango ya kampeni, kwenye nembo za taasisi. Kwenye umbo hilo nusu ya ziwa ni sehemu ya mwili. Anayekwambia mpaka uko ufukweni haonekani kama mtu mwenye tafsiri tofauti ya mkataba. Anaonekana kama anayekata nyama. Nchi nyingine zina atlasi ambamo mpaka unaonekana umelala juu ya ufukwe wetu, na Mtanzania anayekutana nayo mara ya kwanza, kama nilivyokutana nayo mimi mwaka wa kwanza chuoni, husikia kitu tumboni kabla hajawaza chochote. Huo mshtuko wa tumboni ndio ninaouita kazi ya magazeti na atlasi za shule. Haukutoka kwenye damu.

Umuhimu wa ramani unaonekana zaidi ukilinganisha na mgogoro mwingine wa maji wa miaka ileile. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilizozana juu ya Migingo, mwamba mdogo ndani ya Ziwa Viktoria ambao hata uwanja wa mpira hauenei. Migingo ilikuwa na picha. Kila gazeti liliichapisha: mabanda ya mabati yamebanana hadi ukingoni, mitumbwi imeegeshwa, nguo zimeanikwa. Ukiiona unauliza hawa watu wanalalaje, choo kiko wapi, samaki wanauzwa kwa nani. Hata Rais Museveni aliposema kwamba kisiwa ni cha Kenya lakini maji yanayokizunguka ni ya Uganda, picha ile ilikuwa imeshafanya kauli hiyo ionekane kama utani wa barazani. Ziwa Nyasa halina picha ya namna hiyo. Lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 29,600, na mahali panapogombewa ni maji tu, hayana nyumba wala kamba ya kuanikia. Gazeti linalotaka kukionyesha kitu hicho lina ramani peke yake, na ramani huonyesha mstari bila kumwonyesha mtu.

Watu wangeweza kuonekana kama wangeulizwa. Hapa ndipo hesabu yangu iliponikatisha tamaa kuliko mahali pengine. Katika habari nilizonakili, wanaozungumza ni mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa, wasomi wa vyuo vya Dar es Salaam, na maofisa wa jeshi wasiotaka kutajwa. Wakazi wa Kyela, Ludewa na ufukwe wa Mbinga (wilaya ya Nyasa ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa) wanatokea zaidi kama kundi: wananchi wametakiwa kuwa watulivu, wananchi wamehakikishiwa usalama. Katika sentensi za Kiswahili kuna watu wanaotenda na watu wanaotendwa, na watu wa ziwani walikuwa wametendwa mwezi mzima.

Sababu moja ni ya kawaida kabisa, nayo ni barabara. Wakati ule njia ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ilikuwa bado ya vumbi na kona, na mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari haendi mahali ambapo nauli inazidi malipo. Gazeti lenyewe lilifika huko siku iliyofuata, likifika. Sisi tulikuwa Songea, na nakumbuka mama alivyompigia simu mdogo wake baada ya mjomba kurudi kinyozi na habari kwamba vita imeshaiva.

"Huko vipi? Wanajeshi wamefika?"

"Wanajeshi gani, dada? Usipa umeshuka bei. Nikutumie debe?"

Mama alikata simu akiwa na wasiwasi zaidi. Alidhani mdogo wake anafichwa ukweli. Yeye, aliyekuwa mbali kwa saa kadhaa za basi, alikuwa na gazeti. Mdogo wake alikuwa na ziwa tu.

Nadhani kuna sababu nyingine isiyo ya barabara, na hapa nasema kwa kubahatisha kiasi, ila kalenda inanisaidia. Tazama wiki zile. Juni, Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa madaktari waliogoma, alitekwa na kuteswa. Tarehe 18 Julai meli ya MV Skagit ilizama ikielekea Zanzibar. Tarehe 30 Julai serikali ilifungia MwanaHalisi kwa muda usiojulikana, kwa nguvu ya Sheria ya Magazeti ya 1976, na siku hiyohiyo walimu wakaanza mgomo. Agosti 26 ilikuwa siku ya sensa, ambayo baadhi ya watu walikuwa wakiigomea. Septemba 2 mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, mkoani Iringa, akiwa kazini.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mhariri wa Agosti 2012. Mwenzako amefungiwa juzi. Una gazeti la kuuza kesho. Kila habari kubwa ya ndani ina moto chini yake. Halafu inakuja hii moja ambayo unaweza kuiandika kwa sauti ya juu kabisa, kwa wino mwekundu, kwa alama za mshangao, na waziri, mpinzani, mwanajeshi na muuza chipsi wote wakakupigia makofi. Sidhani kama kuna aliyeagiza. Sidhani pia kama palihitajika wa kuagiza. Mpaka ulikuwa habari pekee ya mwezi ule ambayo mwandishi angeweza kuwa jasiri bila kuhatarisha chochote.

Na msamiati wa ujasiri huo ulikuwapo tayari ghalani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na hotuba ya Nyerere iliyofuata, ile ya uwezo, sababu na nia, imebaki vichwani mwa watu hata waliozaliwa miaka ishirini baadaye. Uhuru na Daily News walikuwa vyombo vya vita ile, na kwa haki yao, maana kulikuwa na wavamizi wa kweli na maiti za kweli. Mwaka 2012 hakukuwa na mvamizi. Kulikuwa na leseni ya utafiti na mwanamke rais aliyekuwa na miezi minne ofisini. Lakini barua za wasomaji na safu za maoni zilirudi kwenye uwezo, sababu na nia kama mtu anayerudi kwenye koti alilokuwa akivaa ujanani. Uvamizi, chokochoko, kulinda kila tone. Koti lilikuwa la vita nyingine.

Jina la ziwa nalo likaandikishwa jeshini. Kuandika "Ziwa Nyasa" kulikuwa uzalendo, na aliyeteleza akaandika "Ziwa Malawi" aliwekwa sawa. Mimi naandika Nyasa kwa sababu ndivyo tunavyoita nyumbani, sina mpango wa kuacha. Ila jina hili maana yake ni "ziwa" tu, Livingstone alilichukua akaliandika alipofika mwaka 1859, na Waingereza wakaliweka kwenye koloni lao wakaliita Nyasaland. Ukitafuta kiota cha jina lenyewe leo, gazeti maarufu la mtandaoni linaloandika habari za Malawi linaitwa Nyasa Times. Mtu wa Blantyre anasoma humo kila siku kwamba Lake Malawi yote ni yake, chini ya bango lenye jina ambalo sisi tunaliona ni silaha yetu.

Yupo mtu mmoja ambaye magazeti ya pande zote mbili yangeweza kumkumbuka, na sikumwona kwenye habari nilizonakili. Kanyama Chiume alizaliwa upande wa Malawi wa ziwa hili, akakulia Tanganyika, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Malawi ilipopata uhuru. Baada ya ugomvi wa baraza la mawaziri la Banda mwaka 1964 alikimbilia Dar es Salaam, akafanya kazi ya uandishi wa habari na kuandika hadithi kwa Kiswahili. Miaka ambayo serikali mbili zilikuwa zikirushiana barua za mpaka, kulikuwa na mtu wa ziwa lote akiandika kwa lugha yetu, hapahapa mjini. Kwa hesabu ya "hapa nchini" na "nchi jirani", mtu kama huyo hana ukurasa.

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya kazi hii aliniuliza ubaya uko wapi, maadamu vita haikupigwa. Nilimjibu kwa mfano wa meza ya mazungumzo. Jopo la Chissano, au litakalofuata, likija na pendekezo lolote la kati, tuseme matumizi ya pamoja ya maji na mapato bila kugusa mstari, kila serikali italazimika kulirudisha nyumbani. Nyumbani kuna watu waliosoma nusu ya mkataba kwa zaidi ya miaka kumi. Waziri wa Tanzania atakayekubali kitu chochote pungufu ya nusu ya ziwa ataitwa msaliti na watu ambao hawajawahi kuonyeshwa kwamba kulikuwa na hoja upande wa pili. Wa Malawi atakayetoa hata ghuba moja atakutana na hayohayo. Wanasiasa walioyapa magazeti maneno yale sasa wanayakuta yamewasubiri mlangoni, na safari hii yanadai kwa maana ya mtaani.

Na wakati wote huo wavuvi wanaendelea kukamatwa mara kwa mara, huku na kule, kwa kuvuka mstari ambao kila upande unauona mahali tofauti. Habari zao huwa fupi, ukurasa wa ndani, bila ramani.

Siku hizi nasoma habari za bandari ya Mbamba Bay inayojengwa. Ni habari za zege, gati na mabilioni ya shilingi, na zinaeleza jinsi mizigo itakavyotoka Mtwara kwa barabara, ikafika ziwani, ikavushwa kwenda Malawi na Msumbiji. Ninaendelea na zoezi langu la vitenzi. Hadi sasa, humo Malawi itanufaika, itahudumiwa, itapokea. Sijaikuta ikidai. Mstari wa katikati ya ziwa sijauona ukitajwa, na ili mzigo ufike Nkhata Bay itabidi uuvuke.